Raba za Sh37,000 katika nchi ya majani chai: Uuze ndama ama ukimbie na ulizonazo?

Ukipita barabara ya Kericho kuelekea Litein kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, utapishana na makundi mawili. La kwanza ni la wachumaji wa majani chai: gambuti miguuni, kikapu mgongoni, plastiki imefungwa kiunoni kuzuia umande. La pili ni la vijana wanaofukuza upepo. Hawa zamani ungewatambua kwa miguu iliyokonda na fulana iliyopauka. Siku hizi unawatambua kwa viatu. Katika kundi la watu kumi hakosi mmoja aliyevaa raba za rangi ya chungwa kali ama waridi, soli imenenepa kama mkate, kisigino kimechongoka nyuma mithili ya mkia wa ndege.

Huyo mmoja ndiye wengine wote wanamtazama.

Wiki jana binamu yangu wa Konoin, kaunti ya Bomet, alinitumia ujumbe kwenye WhatsApp. Ana miaka 22, anakimbia nusu marathon kwa saa 1 na dakika 5 hivi, hana meneja, hana mkataba, na ana ndama jike ambaye babake alimpa alipomaliza Kidato cha Nne. Swali lake lilikuwa fupi: "Bro, nikiuza huyu ndama nichukue Alphafly ama Adidas?"

Jibu langu lilikuwa refu kuliko WhatsApp, ndiyo maana limeishia hapa. Najua hayuko peke yake. Kuanzia Sotik hadi Londiani kuna vijana wanaopiga hesabu hiyo hiyo, na si wote wana ndama.

Kilicho ndani ya soli

Mtaani watu wanaongea kana kwamba ndani ya hizi raba kuna injini. Hakuna. Kuna povu na kuna bamba la karboni.

Raba za kawaida zina povu la EVA, ambalo ukilikanyaga linakusaidia kutua lakini linakula nguvu nyingi uliyoitia. Raba za kisasa za mashindano zina povu jepesi zaidi, mara nyingi la aina ya plastiki inayoitwa PEBA, ambalo likibonyezwa linarudi juu kwa nguvu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walipoipima Nike Vaporfly ya kwanza, walipata kwamba soli yake inarudisha asilimia 87 ya nguvu iliyoibonyeza. Raba ya Adidas waliyoilinganisha nayo ilirudisha karibu asilimia 76, na raba nyepesi ya zamani ya Nike yenyewe karibu asilimia 66. Kwa wastani, wakimbiaji waliovaa Vaporfly walitumia nguvu pungufu kwa asilimia 4 katika kasi ile ile. Hapo ndipo jina "4%" lilipotoka, na hapo ndipo vurugu zote zilipoanzia, mwaka wa 2017.

Na bamba la karboni? Wengi wanadhani ndilo linalokurusha. Watafiti Marekani walichukua Vaporfly, wakalikata bamba lake kwa msumeno, kisha wakawakimbiza watu kwenye mashine wakiwa na raba nzima na zilizokatwa. Tofauti ilikuwa ndogo mno, haikufika hata asilimia moja. Yaani ukiona kiatu sokoni kimeandikwa "carbon" kwa herufi kubwa ilhali povu lake ni la kawaida, umeuziwa jina tu. Povu ndilo mpango mzima.

Jambo jingine ni uzito. Ukiongeza gramu 100 kwa kila kiatu, mwili unalipa takriban asilimia 1 zaidi ya nguvu. Ujanja wa enzi hii ni kupata soli nene isiyokuwa nzito, kitu ambacho miaka 15 iliyopita kilionekana hakiwezekani. Wakati huo raba ya mashindano ilikuwa nyembamba kama chapati.

Sasa, asilimia 4 ya nguvu si asilimia 4 ya muda. Unapokimbia kasi sana upepo nao unakudai chake, kwa hivyo kwa mkimbiaji wa kiwango cha juu faida inashuka hadi kama asilimia 2 ama 3. Inaonekana kidogo? Chukua mtu wa marathon ya saa 2:12. Asilimia 2 ni dakika 2 na sekunde 38. Huyo anatoka 2:12 anaingia 2:09. Akiwa 2:12 hakuna wakala anayeshika simu yake. Akiwa 2:09, angalau atajibiwa.

Kipchoge alifungua mlango, wengine wakafuata

Mei 6, 2017, pale Monza nchini Italia, Eliud Kipchoge alikimbia marathon kwa saa 2:00:25 akiwa na raba za majaribio za Nike. Oktoba 12, 2019, huko Vienna, akashuka hadi 1:59:40 akiwa na mtangulizi wa Alphafly. Hazikuhesabiwa kama rekodi rasmi, lakini kila mtu aliona picha. Siku iliyofuata, Oktoba 13, Brigid Kosgei alifyeka rekodi ya wanawake ya miaka 16 ya Paula Radcliffe kwa kutumia saa 2:14:04 jijini Chicago, naye akiwa na Vaporfly.

Shirikisho la riadha duniani lilishtuka. Mnamo Januari 31, 2020 likatangaza kanuni: soli ya raba za barabarani isizidi milimita 40, bamba gumu liwe moja tu, na kiatu kiwe kinauzwa madukani kabla ya kuvaliwa mashindanoni. Hili la mwisho ndilo lililolenga haki. Wazo lilikuwa kwamba kama kiatu kipo dukani, basi kila mtu anaweza kukipata. Aliyeandika sentensi hiyo bila shaka hakuwa amesimama kwenye foleni ya kupima majani chai kule Mogogosiek.

Hata hivyo, kanuni ina meno. Septemba 2021, katika Vienna City Marathon, Mwethiopia Derara Hurisa alivunja utepe wa kwanza kwa saa 2:09:22. Dakika chache baadaye akaambiwa soli zake zilikuwa milimita 50 na akapokonywa ushindi. Ukamwendea Mkenya aliyekuwa sekunde tatu nyuma yake, Leonard Langat. (Jina Langat kwetu ni kama kichaka cha chai, ukitupa jiwe utalipata, lakini hiyo haikutuzuia kusherehekea.)

Baada ya hapo rekodi zikawa kama bei ya unga. Septemba 24, 2023 jijini Berlin, Tigist Assefa wa Ethiopia alikimbia 2:11:53 na Adidas Adizero Adios Pro Evo 1. Wiki mbili baadaye, Oktoba 8, marehemu Kelvin Kiptum alitimka 2:00:35 kule Chicago na Alphafly 3 kabla haijaingia madukani. Kanuni siku hizi zinaruhusu kiatu cha majaribio kwa muda maalum kikishasajiliwa. Oktoba 2024, hapo hapo Chicago, Ruth Chepngetich akawa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2:10, kwa 2:09:56.

Hii ya mwisho inabidi tuiseme bila kuzungukazunguka. Mwaka 2025 Chepngetich alipigwa marufuku ya miaka mitatu kwa dawa iliyokatazwa aina ya HCTZ. Sampuli iliyomnasa ilichukuliwa Machi 2025, ndiyo maana matokeo ya Chicago hayakufutwa. Lakini tangu hapo, ukitaja muda wowote wa kushangaza kwenye kijiwe, mmoja atasema ni kiatu na mwingine atasema ni sindano. Mwanariadha msafi analipishwa madeni ya pande zote mbili.

Sasa tulinganishe

Nike Alphafly 3 iliingia sokoni Januari 2024 kwa dola 285. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hizo ni karibu Sh37,000 kabla ya kulipia usafiri na ushuru. Ina soli nene, mifuko miwili ya hewa chini ya vidole, na hisia ambayo wakimbiaji wengi huieleza kama kukanyaga godoro linalokusukuma. Ni kiatu cha mbio ndefu na barabara iliyonyooka. Kwenye kona kali ukiwa umechoka, kinataka heshima.

Adidas Pro Evo 1 ni mnyama mwingine kabisa. Gramu 138. Dola 500, yaani Sh64,500. Toleo la kwanza lilikuwa jozi 521 tu, na Adidas yenyewe ilisema kimetengenezwa kwa ajili ya marathon moja pamoja na muda mfupi wa kukizoea. Hebu gawanya Sh64,500 kwa kilomita 42. Ni zaidi ya Sh1,500 kwa kila kilomita. Ukitoka Kericho mjini na boda boda kwa bei hiyo utafika mbali sana, na dereva atakuita bosi. Wale ambao hawana wazimu huo huchukua ndugu yake, Adios Pro ya kawaida, ambayo ni nusu ya bei.

Asics nao wana hadithi ninayoipenda. Januari 2021, kwenye mbio maarufu za kupokezana za Hakone Ekiden nchini Japani, kati ya wakimbiaji 210 hakuna hata mmoja aliyevaa Asics. Kampuni ya Kijapani, nyumbani kwao, sufuri! Aibu hiyo ndiyo iliyoharakisha raba za Metaspeed, zilizokuja kwa sura mbili: moja ya wanaokimbia kwa hatua ndefu, nyingine ya wanaopiga hatua nyingi za haraka. Kampuni hiyo ina kambi Iten, kwa hivyo si ajabu kuona raba zao zikiteremka hadi huku kwetu, mkono kwa mkono.

Halafu kuna On ya Uswisi. Aprili 2024 jirani yetu wa Kisii, Hellen Obiri, alishinda Boston Marathon na kiatu cha On ambacho sehemu yake ya juu hunyunyizwa na roboti na hakina kamba hata moja. Dola 330. Na Puma, ambao mwaka 2025 walitoa Fast-R Nitro Elite 3 kwa dola 300 huku wakipeperusha utafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts: wakimbiaji 15, wote walitumia nguvu pungufu kuliko walipovaa raba za wapinzani, kwa wastani wa asilimia 3.15. Ni utafiti wa watu wanaoheshimika, lakini bili ililipwa na Puma. Weka hilo akilini.

Ukiniuliza ipi ni kali zaidi, nitakujibu kwa utafiti ambao binamu yangu hakuupenda hata kidogo. Mwaka 2023 watafiti, akiwemo mtaalamu wa Adidas, walichapisha matokeo ya wanariadha saba wa Kenya wa kiwango cha dunia na Wazungu saba wa ridhaa. Waliwapima kwa raba tatu za kisasa dhidi ya kiatu bapa cha zamani. Kwa Wakenya, kuna kiatu kilichomsaidia mmoja kwa asilimia 11.4. Na kuna kiatu kilichomrudisha mwingine nyuma kwa asilimia 11.3. Soma tena. Jamii ile ile ya viatu, mmoja anapaa, mwingine anaburuta trela.

Kwa hivyo lile swali la "Alphafly ama Adidas" halina jibu hadi miguu yako iulizwe. Mwenye mkataba analetewa jozi tano za majaribio, anakimbia nazo, anachagua. Wewe unanunua moja kwa macho, kwenye picha ya Instagram, na ukikosea hakuna wa kukurudishia.

Saa imesogezwa

Hapa ndipo naona watu wengi wanakosea. Wanauliza kama raba zinasaidia, ilhali zimekwisha kusaidia kila mtu aliye mbele yako, na mlango wa kuingilia umesogezwa.

Kuingia marathon ya Olimpiki ya Rio 2016, mwanamume alihitaji 2:19:00. Tokyo, mlango ukawa 2:11:30. Paris 2024, 2:08:10. Mashindano ya dunia ya Tokyo 2025 yakadai 2:06:30. Wanawake walitoka 2:45:00 ya Rio hadi 2:26:50 ya Paris. Si viatu pekee vilivyosababisha hayo, kwani hata mfumo wa kuchagua wanariadha ulibadilishwa, lakini hakuna anayeamini kwamba mapafu ya binadamu yaliboreka kiasi hicho ndani ya miaka minane. Kwa Kenya hivyo viwango ni mzaha tu, kwa sababu kuna msururu wa watu chini ya 2:06. Msururu huo ndio unaombana kijana wa Konoin. Hakimbizani na mlango wa Olimpiki. Anakimbizana na jirani yake wa Kapkatet ambaye tayari ana raba.

Watu wa Kericho na Bomet wanaijua hali hii kwa jina jingine. Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma chai katika mashamba makubwa. Kikosi kazi cha kaunti ya Kericho kilikuwa kimekadiria kwamba kazi 30,000 hivi zilipotea kwa mashine katika muda wa mwaka kumi. Mashine ilipoingia shambani haikumuuliza mchumaji kama ana uwezo wa kuinunua. Ilibadilisha tu kipimo cha kazi ya siku. Povu la PEBA limefanya vivyo hivyo barabarani, isipokuwa hapa hakuna mtu wa kumchomea. Na tofauti ya pili ni kwamba hii mashine, angalau kinadharia, inaweza kuvaliwa na mtoto wa mchumaji.

Lakini wapi hela? Tufanye hesabu ya kijijini. Tuseme kilo ya majani mabichi inalipwa Sh23 mwisho wa mwezi. Alphafly 3 ni kama kilo 1,600. Mama hodari akichuma kilo 40 kwa siku, hizo ni siku 40, mvua na jua, kabla hujatoa mbolea, kabla hujamlipa mtu. Utasema subiri bonasi. Waulize wakulima wa eneo hili walivyopokea bonasi ya 2025 wakilinganisha na wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Kwingine watu walinunua mabati. Huku waliandamana.

Murram haipendi karboni

Kuna jambo jingine ambalo video za YouTube za wazungu hazikuambii, kwa sababu wao wanakimbia kwenye lami ya Valencia. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mvua hunyesha karibu kila alasiri. Njia zetu za mazoezi ni udongo mwekundu na kokoto kati ya mashamba ya chai. Soli za hizi raba zina mpira mwembamba sana chini, na pembeni povu liko uchi. Kilomita chache za murram yenye kokoto zinalikwangua kama karoti. Kwenye tope ni hatari zaidi: umesimama juu ya milimita 40 za kitu laini, njia ina mteremko, kifundo cha mguu kinacheza. Madaktari Marekani waliwahi kuripoti wakimbiaji watano waliopata ufa kwenye mfupa wa katikati ya unyayo baada ya kutumia viatu vya karboni. Watano si wengi, na haithibitishi kwamba kiatu ndicho mchawi, ila inatosha kukuzuia kuzivaa kila siku.

Na zinachoka haraka. Utafiti wa Uhispania uliolinganisha povu jipya la PEBA na lililokimbiwa kilomita 450 ulipata kwamba faida yake huyeyuka kabisa. Kijana anayepiga kilomita 160 kwa wiki atazimaliza ndani ya wiki tatu, wakati hata mbio zenyewe hazijafika. Nimeona vijana wakifanya kosa hilo: raba moja ya bei, kuivaa Jumatatu hadi Jumamosi ili watu waone, halafu siku ya mashindano imelala kama godoro la hosteli.

Mazoezi yafanye na raba ngumu za mitumba, ambazo kwenye soko la Kericho mjini ama Litein utazipata kwa bei ya kueleweka. Beatrice Chebet, yule dada wa Londiani aliyebeba dhahabu mbili kule Paris 2024, alilelewa na milima hiyo hiyo kabla hajavaa kiatu chochote cha kampuni. Mei 2024 akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, kwa 28:54.14. Desemba 31 mwaka huo akatumia dakika 13:54 kwenye kilomita 5 za barabarani kule Barcelona, na Julai 2025 akatumia 13:58.06 katika mita 5,000 uwanjani. Simaanishi kwamba viatu havina maana kwake. Vina maana sana, na anavaa vya kisasa. Ila havikumtoa Londiani. Vilimkuta akiwa njiani.

Na kabla hatujawalaani vijana wa leo kwa kupenda teknolojia, tumkumbuke Wilson Kiprugut wa Kericho, Mkenya wa kwanza kushinda medali ya Olimpiki. Mwaka 1964 kule Tokyo alipata shaba ya mita 800 kwenye uwanja wa majivu. Mwaka 1968 jijini Mexico alipata fedha kwenye uwanja wa kisasa wa mpira, wa kwanza katika historia ya Olimpiki. Ardhi yenyewe ilibadilishwa chini ya miguu yake katikati ya kazi yake. Tofauti ni kwamba uwanja ulikuwa mmoja kwa wote nane waliosimama kwenye mstari. Hakuna aliyekuja na lami yake kutoka nyumbani.

Njia za mkato na madalali

Kwa vile wengi hawana Sh37,000, soko limejibu. Kuna raba za mkono wa pili, ambazo Eldoret na Iten zinauzwa na wanariadha waliopewa na wadhamini. Mtu wa mkataba ana jozi nane, anahitaji karo ya mtoto, anauza tatu. Hapo unaweza kupata bahati ukikagua vizuri: bonyeza povu kwa kidole gumba, kama lina mikunjo mirefu pembeni isiyofunguka, achana nayo.

Halafu kuna feki. Hapa naongea kwa uchungu wa mfuko wangu. Miaka miwili iliyopita nilimtumia muuzaji mmoja wa mtandaoni Sh9,500 kwa M-Pesa, picha zilikuwa safi, maneno matamu. Kilichofika kilikuwa na rangi sawa na nembo sawa. Siku ya kwanza ya mvua soli ilitoka kama ganda la ndizi, na ndani nikakuta kipande cha plastiki nyeusi, povu la EVA na gundi nyingi. Nilipompigia, namba haikupatikana. Kwangu mimi ninayekimbia kupunguza kitambi ilikuwa hasara ya pesa tu. Kwa mtu anayetafuta muda wa kumuonyesha meneja, ni msimu mzima umeenda. Na kwenye mashindano rasmi, kiatu ambacho hakimo kwenye orodha ya shirikisho kinaweza kukutoa kwenye matokeo hata kama kimekuchelewesha.

Kinachonikera si kampuni kutaka faida, hiyo ni biashara. Kinachonikera ni mpangilio wake. Bingwa anapewa bure kisha analipwa avae. Asiye na jina ndiye analipa bei kamili, pamoja na usafiri, pamoja na VAT ya asilimia 16, ili apate nafasi ya kuwa mtu wa kupewa bure. Kampuni hizi zinajenga sifa zao kwa miguu ya Bonde la Ufa. Matangazo yana vumbi letu jekundu, yana ukungu wetu wa asubuhi. Sioni kwa nini chama cha riadha na kaunti, ambazo hukimbilia viwanja vya ndege na kibuyu cha mursik kila bingwa anapotua, zisidai kitu rahisi: kwa kila bingwa anayetiwa saini, jozi kadhaa za majaribio ziende kwenye kambi ndogo, vijana wavae, wapimwe, kila mmoja ajue mguu wake unapenda nini kabla hajauza mali ya nyumbani.

Binamu nilimwambia hivi. Kama ungekuwa na 1:02 na mwaliko wa mbio za nje mkononi, ningekuunga mkono uuze ndama, tena ningekusaidia kumtafutia mnunuzi. Kwa 1:05, raba ikikukubali inakupeleka 1:03 na ushee, na Kenya ina watu wa 1:03 kama vichaka vya chai. Ndama akikua atatoa maziwa, na maziwa yatalipa nauli ya kwenda Eldoret na Nairobi mara nne kwa mwaka, na unachohitaji sasa ni kukimbia mbio hizo. Kama lazima, tafuta toleo la mwaka juzi la mkono wa pili, lifiche chini ya kitanda, livae mara mbili tu kabla ya mashindano.

Alikaa kimya siku tatu, tiki mbili za buluu bila jibu. Jana usiku ndiyo akaniandikia. Ndama bado yuko. Pale wanapofanyia mazoezi, mwenzao mmoja ana Alphafly, na wamekubaliana awe akizipokezanisha: leo mbio hizi avae huyu, mwezi ujao yule, kila mtu anatoa Sh500 za kuzitunza. Zamu yake ni Jumapili ya pili ijayo. Shida ni moja. Mwenye raba anavaa nambari 43 na binamu yangu ni 42, na sasa anataka kujua kama soksi mbili zitasaidia ama zitamchoma.